Muuguzi Naye Hufiwa: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Mimi ni muuguzi wa leba, Kasulu. Wiki 3 zilizopita mama alitokwa damu baada ya kujifungua, akatufia mikononi. Sasa nikiona shuka lenye damu natetemeka. Wenzangu wananiambia nijikaze. Je, nilikosea kuchagua kazi hii?

Hukukosea, dada yangu. Wanaokosea ni wanaodhani kwamba kujikaza ni sehemu ya ujuzi. Miaka yangu ya mwanzo kazini, usiku mmoja, nilikabidhiwa kitenge cha marehemu kilichofungwa fundo, ndani yake mna soksi za mtoto, nikampelekee mume aliyeketi kwenye benchi la nje. Nilipogeuka tu, nikaitwa kwa mama wa kitanda namba 4 aliyekuwa tayari kusukuma. Jina la daktari wa zamu nimelisahau, lakini fundo lile nalikumbuka hadi leo.

Mweleze muuguzi kiongozi wako kwa maneno haya haya uliyoniandikia, umwombe akuhamishie kwa muda wodi ya waliokwisha kujifungua, na siku ya kurudi leba upangwe na mwenzako mzoefu. Mwezi ukipita na usingizi bado haupatikani, nenda kitengo cha afya ya akili bila kuona haya.

Hukuuliza, lakini nitasema: mapitio ya kifo cha uzazi yamewekwa ili ijulikane damu ilikosekana wapi na rufaa ilichelewa wapi. Yakigeuzwa baraza la mashtaka, wauguzi watajifunza kuficha, na mama mwingine atakufa kwa sababu ile ile.

Baada ya kifo wodini silali. Naweza kumeza diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi?

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mtu mzima ili kutuliza mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Nanyi mnaowakemea wagonjwa kwa kununua dawa bila cheti, acheni kujihudumia kabatini.

Mimi ni muuguzi kiongozi, Uvinza. Niwaitishe wote, kila mmoja asimulie alichokiona?

Usimlazimishe mtu kusimulia. Shirika la Afya Duniani linakataza pia kikao cha namna hiyo kutumiwa kama kinga dhidi ya madhara ya mshtuko. Wape kwanza dakika 10 za kunawa na kunywa chai huku wewe mwenyewe ukishika wodi, kisha mwulize kila mmoja faraghani kama anaweza kuendelea na zamu. Mnaweza pia kusimama kimya pamoja kando ya kitanda kabla maiti haijaondolewa, utaratibu ambao muuguzi Jonathan Bartels aliuanzisha Virginia, Marekani, na ambao hauhitaji bajeti. Nasema hivyo kwa sababu kila nikigusia jambo hili kwa viongozi, jibu la kwanza huwa ni fedha.

Je, ni kosa kulia mbele ya ndugu wa marehemu?

Si kosa, ilimradi wasilazimike kukubembeleza wewe.

Mke wangu ni nesi. Siku nyingine anarudi hapa Ujiji hasemi neno. Nimhoji?

Usimhoji, shemeji. Mpe pole, mwekee maji ya kuoga, watoto wape kazi ya nje, na migebuka uikaange wewe siku hiyo. Akianza kusema, hata iwe saa 8 usiku, zima simu umsikilize, wala usimwambie kwamba ni mipango ya Mungu. Maneno hayo ameshayatamka yeye mwenyewe mchana kutwa kwa waliofiwa.