Maswali ya Wasomaji: Bendi Changa Katika Soko Lililojaa

SWALI: Sisi ni vijana watano wa Morogoro. Tunapiga gitaa, besi, kinanda na drams, na nyimbo tunazitunga wenyewe. Muziki wetu ni pop ya taratibu ambayo si bongofleva wala singeli. Kila redio tunayoiendea tunashauriwa tumtoe mwimbaji mmoja awe ndiye jina, sisi wengine tubaki nyuma yake. Je, bendi bado ina nafasi, au tunapoteza muda?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ushauri mliopewa una hesabu ndani yake, hata kama haukuwafurahisha. Msanii wa peke yake husafiri na DJ wake, nyimbo zikiwa kwenye flashi. Akifika hupewa mikrofoni na shoo inaanza. Bendi ya watu watano inahitaji nauli za watu watano, drams, amplifaya, mikrofoni za kutosha na saa nzima ya kujaribu sauti kabla mlango haujafunguliwa, ilhali mwandaaji aliyezoea kulipa jina moja hutoa bahasha ileile. Ndiyo maana wasanii wamejaa kila kona na bendi za vijana ni za kuhesabika. Hata hivyo, kinachoifanya bendi iwe ghali ndicho hichohicho kinachomfanya mtu atoke nyumbani kwake kuja kuisikiliza, na jambo hilo halionekani redioni hata kidogo. Kwa maoni yangu, tatizo lenu si kuwa bendi. Mmeanza kubisha hodi kwenye mlango usiowafaa.

Watazameni Sauti Sol wa Nairobi, ambao siku hizi hutajwa kana kwamba walianza wakiwa wakubwa. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikuwa wanafunzi wa Upper Hill School walioimba pamoja bila ala, na mwaka 2005 wakaungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno, waliyekutana naye Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa kilicho katikati ya jiji. Albamu yao ya kwanza ilitolewa na Penya, lebo ndogo ya hapohapo Nairobi, na ilikuwa ya sauti zilizopangwa na gitaa, wakati ambapo redio za jiji zilikuwa zimeshikwa na genge na kapuka, mitindo ya muziki wa vijana wa Kenya. Ya pili ikafuata mwaka 2011. Mwaka 2012 walijaribu njia nyingine kabisa, wakarekodi nyimbo chache na prodyuza Spoek Mathambo wa Afrika Kusini. Tuzo ya MTV ya Ulaya ya msanii bora wa Afrika waliipata mwaka 2014, yaani miaka 9 baada ya kundi kukamilika. Nawatajia miaka hiyo kwa makusudi, kwa kuwa barua yenu inaonyesha mna haraka.

Katika miaka hiyo, Nairobi ilikuwa na kitu ambacho miji yetu mingi haina, nacho ni jukwaa dogo la kudumu. Alliance Française ilikuwa na ukumbi na bustani ambamo kundi lisilojulikana liliweza kupiga mbele ya watu waliokuja kusikiliza, si kula nyama choma huku wakiipa bendi mgongo. Kisha mwaka 2008 mwanamuziki Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine, mkusanyiko wa mchana katika uwanja wa nyasi, watu wakija na blanketi zao na vikapu vya chakula, na makundi yaliyokosa nafasi redioni yakapata hadhira yake.

Wako pia Just a Band, waliotokea Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambao muziki wao wa elektroniki haukufanana na chochote kilichokuwa kikipigwa nchini mwao. Hao walikuwa na ujuzi wa picha na filamu miongoni mwao wenyewe, hivyo video hazikuwafilisi. Mwaka 2010 video ya wimbo wao "Ha-He", yenye mhusika aitwaye Makmende, ilienea mtandaoni kwa kasi ambayo Wakenya hawakuwa wameizoea, na watazamaji wakaanza kutengeneza picha na vichekesho vyao vya Makmende bila kuombwa na mtu.

Kwenu Morogoro, tafuteni sehemu moja tu, iwe mgahawa au ukumbi wa chuo, na siku moja ya mwezi isiyobadilika. Kubalianeni na mwenye ukumbi kugawana kiingilio badala ya kudai malipo ya mkupuo, na namba za simu za wanaokuja ziandikeni. Mkishaujaza ukumbi huo mara kadhaa, nendeni Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ambayo imepunguza sana uchovu wa safari hiyo tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024. Drams mwazime hukohuko.

SWALI: Kundi letu la watu wanne limetoa wimbo ulioanza kusikika. Sasa mpiga gitaa anasema wimbo ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta melodi. Hatukuwa tumeandikiana chochote.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Andikianeni wiki hii, kabla pesa yenyewe haijafika. Tenganisheni mambo mawili ambayo vijana wengi huyachanganya: utunzi, yaani melodi na maneno, na rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studio. Mpiga gitaa wenu anaweza kuwa na haki ya sehemu kubwa ya utunzi, na bado rekodi ikawa ya wote wanne mlioilipia. Pangeni asilimia za kila kimoja kwenye karatasi, kila mtu atie saini, na prodyuza naye atajwe, maana wengine hukumbuka kudai baada ya wimbo kushika. Kisha ulizeni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ambayo ndiyo hutoa leseni kwa vyama vya kukusanya mirabaha nchini Kenya, ni chama kipi chenye leseni kwa sasa.

Mjue pia mnachogombania. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Nimeona makundi yakivunjika kwa ajili ya mapato yasiyotosha kununua seti ya nyuzi za gitaa.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Sauti za Busara hawapokei wanaoimba juu ya muziki uliorekodiwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli. Tamasha hilo, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika Mji Mkongwe, Zanzibar, mwezi Februari, hutaka muziki upigwe wote papo hapo jukwaani. Sharti hilo huwafaa zaidi wenye bendi, na Siti and the Band, kundi lenye mizizi katika chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, ni miongoni mwa waliopita katika jukwaa hilo. Mnapotuma maombi, ambatanisheni video inayowaonyesha mkipiga na kuimba moja kwa moja, hata kama imechukuliwa kwa simu ukumbini. Ile ya studio yenye wachezaji na magari ya kukodi haitawaonyesha wachaguzi kama mnaweza kupiga.