Propela za droni ndogo za ndani: chagua kwa chumba chako na kwa hewa ya huku kwetu

Vijana wanaoanza kurusha droni za FPV, yaani zinazorushwa kwa kutazama picha ya kamera yake kupitia miwani, ndani ya nyumba hapa Kampala huniuliza swali moja mara kwa mara: propela ipi ina kasi kuliko zote? Nami huwauliza: unarusha wapi, na mota yako ni ipi? Propela ni kifaa cha bei ndogo kabisa kwenye droni hizi, lakini ndiyo huamua kama jioni yako itakuwa ya raha au ya kugonga kuta na kuokota droni chini ya kochi.

Kabla ya yote, pima shafti ya mota. Droni za fremu ya milimita 65 hubeba propela za milimita 31, na zile za milimita 75 hubeba za milimita 40. Hilo watu wengi wanalijua. Wanachosahau ni tundu la katikati. Mota ndogo zisizo na brashi, kama zile za ukubwa wa 0702 na 0802, zina shafti ya milimita 1. Nyingi kati ya mota za zamani zenye brashi zina ya milimita 0.8, na mota ya 1103 ina ya milimita 1.5. Propela yenye tundu kubwa kuliko shafti itachomoka ukiongeza kasi, na yenye tundu dogo itapasuka kitovu unapoisukuma. Pakiti ikifika kutoka China baada ya wiki kadhaa na ukubwa si wenyewe, hakuna duka la jirani litakalokuokoa.

Namba zilizochapwa kwenye pakiti husomeka kirahisi. Propela ya kampuni ya Gemfan iliyoandikwa 1210 maana yake ni kipenyo cha inchi 1.2, ambazo ni kama milimita 31, na mwinamo wa inchi 1.0. Mwinamo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu mfano wa skrubu. Mwinamo mkubwa hukata hewa nyingi kwa kila mzunguko na hula betri zaidi. Mwinamo mdogo hukupa throto (kidhibiti cha nguvu ya mota) laini, droni ikatulia mkononi mwako.

Sasa mapanga: mawili au matatu? Hapa ndipo naomba tusikilizane vizuri. Propela ya mapanga mawili ni nyepesi, mota huipandisha na kuishusha kasi haraka, na hutumia betri kwa uangalifu. Kwa mota yenye KV kubwa (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti), kwa mfano 0702 ya KV 27,000 na kuendelea, mimi huanza na mapanga mawili bila kusita, kwa sababu mota ya namna hiyo ukiipa mapanga matatu yenye mwinamo mkubwa hunyonya umeme hadi betri ya seli moja inaporomoka volti. Utaona kwenye miwani: unaongeza throto, droni haipandi, namba ya volti inashuka tu.

Mapanga matatu hushika hewa vizuri zaidi. Ukikata kona kali kati ya meza na mlango, droni haitelezi kwenda nje ya kona, na ukishuka juu ya hewa iliyovurugwa na droni yenyewe, haitikisiki sana. Hilo la hewa iliyovurugwa ni zito kuliko watu wanavyodhani. Sebule nyingi za kwetu ni ndogo, zimejaa makochi, na kuta ni za saruji. Upepo wa propela unagonga sakafu, unarudi ukutani, na droni inajikuta inaelea ndani ya msukosuko iliouzua yenyewe. Kwa sebule kama hiyo na mota ya KV ya kiasi, 1208 ya mapanga matatu ni rafiki mzuri. Ukipata ukumbi wa shule au wa kanisa wakati hauna watu, rudi kwenye mapanga mawili na ufurahie mwendo.

Jambo ambalo video nyingi hazikuambii ni mwinuko wetu. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Ukiwa Kabale, karibu na mita 2,000, pengo hilo linakuwa kati ya asilimia 15 na 20. Nguvu ya kuinua hupungua kwa kiwango hicho hicho kama propela inazunguka kwa kasi ile ile. Kwa hiyo jamaa anayerusha Uholanzi, karibu kabisa na usawa wa bahari, akisema propela fulani inamtosha kwa throto ya asilimia 35, wewe utahitaji zaidi ili kuelea tu, na akiba ya kujiokoa unapoporomoka itakuwa ndogo. Upande mwingine, hewa nyepesi hupunguza mzigo wa mota kwa kila mzunguko. Ndiyo maana propela yenye mwinamo mkubwa kidogo, ambayo mrushaji wa pwani angeiona nzito, huku inaweza kufaa. Ijaribu mwenyewe kabla ya kuikataa kwa maneno ya mtu aliye kwenye hewa nyingine.

Kujaribu kwenyewe kunahitaji uaminifu. Tumia betri ile ile, iliyochajiwa hadi kiwango kile kile, chumba kile kile, na njia ile ile ya kuzunguka. Angalia volti inashuka kiasi gani unapobana throto, kisha tua na uguse mota kwa ncha ya kidole. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, propela ni nzito mno au imepinda. Sikiliza pia mlio: propela nzima ina sauti moja iliyonyooka, iliyopinda inakwaruza masikio. Mtikisiko wake huingia kwenye jairo, kihisi kinachopima droni inavyozunguka, na kompyuta ya droni huhangaika kurekebisha kitu ambacho hakipo.

Kabla ya kuilaumu propela, kagua chini yake. Nywele na nyuzi za zulia hujizungusha kwenye shafti na kuibana. Kwa nyumba yenye msusi wa nywele, kagua kila baada ya betri chache. Na tafadhali usitue karibu na karakana ya kuchomelea mageti. Sumaku za mota hudaka unga wa chuma, na kuutoa kwa utepe wa gundi ni kazi ya kuchosha kweli.

Unapotoa propela, ingiza kibano chembamba chini ya kitovu na uinue wima. Ukivuta mapanga utayapinda. Unapoweka mpya, acha nafasi nyembamba kati ya kitovu na kichwa cha mota ili visisuguane, na hakikisha mbili zinazunguka upande wa saa na mbili kinyume chake, kila moja kwenye mota yake kulingana na ulivyopanga kwenye Betaflight, programu inayoendesha kompyuta ya droni. Kitovu kikilegea, tupa propela hiyo. Ukijaribu kuibandika, na gundi ya haraka ikapenya kwenye beringi, umepoteza mota kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Kwa agizo la kwanza la droni ya milimita 65, ningenunua aina mbili tu, 1210 ya mapanga mawili na 1208 ya matatu, lakini pakiti kadhaa za kila aina. Usafiri hugharimu kuliko propela zenyewe, na aina sita tofauti zenye pakiti moja moja zitakuacha bila seti kamili mwezi utakapofika katikati. Ukiwa umezirusha zote mbili hadi mikono inajua tofauti yake bila kuangalia pakiti, hapo ongeza 1219, yenye mapanga matatu na mwinamo mkubwa, uone kama mota na betri zako zinaimudu.