Kama ni maneno, mbona barazani tunaongea?

*Shikamoo Mama. Kaka yangu ni mvuvi hapa Mikindani. Mwaka jana wakati wa kusi ngalawa yao ilipinduka usiku, mwenzake akafa, yeye akaokolewa alfajiri. Tangu hapo hajagusa kasia. Usiku anashtuka, mchana anapita njia ya juu asiione bahari. Mama yetu kamnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, mara mbili. Nesi wa zahanati akashauri aonane na mwanasaikolojia kwa tiba ya mazungumzo. Kaka kajibu: "Mimi si wa Mirembe. Na kama ni maneno, mbona barazani tunaongea kila siku?" Nimwambie nini?*
*Dada mtu, Mikindani*

Marahaba mwanangu, na poleni.

Kaka yako kauliza la maana. Lakini hebu sikiliza hapo barazani wanaongeaje. Akigusia usiku ule, mmoja atasema "kazi ya Mungu", wa pili "usiwaze sana", wa tatu anacheza kete yake, habari imekwisha. Wanampenda, ndiyo maana wanalifunga neno upesi. Mwanasaikolojia kazi yake kulifungua, na halifungui ovyo.

Hofu hunenepa kwa kukwepwa. Kila akipita njia ya juu moyo unatulia kidogo, na mwili unaamini njia ile ndiyo iliyomwokoa. Kwa hiyo watakutana, mara nyingi kila wiki, dakika 45 au 50, na watapanga ngazi. Huenda mwanzo ni kukaa mahali anapoiona bahari kwa mbali, asiondoke mpaka mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Siku nyingine ashike ngalawa iliyopandishwa mchangani. Kisha aketi ndani yake maji yakiwa yamekupwa. Hasukumwi, asiyekuwa tayari hubaki kwenye ngazi yake. Kazi kubwa ataifanya siku za katikati, akiwa nyumbani.

Atausimulia pia usiku ule kwa mpangilio, pamoja na lile asilomwambia mtu. Mara nyingi aliyenusurika hujihukumu kimoyomoyo: "ningemshika mkono". Aaron Beck, daktari wa Marekani, aligundua miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya namna hiyo, yanayopita haraka na kuaminiwa bila kuhojiwa. Akawafundisha kuyahoji. Usiku, mawimbi, giza: huo mkono ungeshikikaje?

Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, sisi tumeigeuza tusi. Watu wengi wanaopata tiba hii wanalala kwao na kwenda kazini. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Zikihitajika ni kazi ya daktari, na zinaweza kwenda pamoja na mazungumzo. Akisema ni mambo ya Wazungu, mwambie habari za Harare. Tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Ni baraza kabisa, ila bibi amefundishwa aulize nini na anyamaze wapi.

Mimi nilikuwa nesi, nikijiona najua yote. Mume wangu alipofariki, ndala zake zilikaa mlangoni miezi kumi na mmoja, nazipangusa vumbi kila Ijumaa. Mshauri wa kwanza alipokea simu mara tatu nikiwa nalia. Sikurudi kwake, na nanyi msiogope kubadilisha. Wa pili aliuliza tu: "Ukizipangusa, unamwambia nini?" Nilikaa kimya karibu muda wote. Leo ndala anavaa shemeji yangu. Kofia sikuitoa.

Nendeni hospitali ya mkoa, Ligula, pale mapokezi ulizeni huduma ya afya ya akili. Atakayoyasema ni siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Na akitamka kwamba anataka kufa, msisubiri siku ya kliniki: msimwache peke yake, mpelekeni saa ileile.

Kombe mama aendelee nalo, halina ugomvi na haya. Wewe usimwahidi kaka kwamba atapona. Mwambie aende mara moja, asipopenda asirudi. Na kwenye daladala mwachie kiti cha upande usiotazama bahari.