Kuku wako, taifodi yako: maswali ya wafugaji

Shikamoo daktari. Mwezi uliopita kuku wangu walikufa kwa homa ya matumbo. Juzi nami nimepimwa, nikakutwa na taifodi. Ndio walioniambukiza? (Mfugaji, Kibaha)

Marahaba. Hapana, magonjwa haya yanafanana jina tu. Wa kuku huletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum, ambayo ni nadra sana kumpata mtu. Taifodi huletwa na Salmonella Typhi, na makao yake ni binadamu peke yake. Wa kuogopa ni ndugu zao, Enteritidis na Typhimurium. Hao hukaa kimya tumboni mwa kuku mnene anayetaga vizuri, halafu unayeharisha ni wewe. Na kama ulipimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, usiamini majibu yake moja kwa moja, kwani Enteritidis na Typhi wana alama zinazofanana na kipimo huweza kuwachanganya. Omba damu ioteshwe maabara, ionekane ni bakteria gani anayeota.

Kila nikileta vifaranga nawapa OTC siku tano za kwanza, kama kinga tu. Nilielekezwa dukani. Kuna ubaya? (Mwanza)

Upo, na hapa naomba nirefushe. Vifaranga 300 wakinywa oksitetrasaiklini, ile antibiotiki unayoiita OTC, bakteria dhaifu hufa na wachache walio sugu, yaani wasiouawa na dawa, hubaki na utumbo mzima wao wenyewe. Kisha hugawiana usugu: mmoja humpa jirani kipande cha vinasaba, hata kama si wa jamii moja. Kipande hicho huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo OTC yako inaweza kulea usugu wa dawa ambayo hujawahi hata kuinunua.

Tazama jimbo la Quebec, Kanada. Vituo vya kutotolesha vilikuwa vikichoma ceftiofur kwenye mayai kabla hayajaanguliwa. Dawa hiyo ni ndugu wa ceftriaxone, ile sindano ya hospitali. Salmonella Heidelberg sugu ikaongezeka kwenye nyama ya kuku madukani, na kwa wagonjwa vilevile. Mwaka 2005 wakaiacha kwa hiari. Usugu ukashuka kwa kuku na kwa watu. Mwaka 2007 baadhi wakaanza kuirudia, nao ukapanda tena. Mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Kifaranga wa siku moja anataka joto, maji safi, na chanjo kwa wakati wake. Paketi nazo uzisome: nyingine zimeandikwa "vitamini" kwa herufi kubwa, antibiotiki ikajificha nyuma kwa herufi kama sisimizi. Wakianza kufa, mpeleke aliyekufa punde kwa daktari wa mifugo apasuliwe kabla hujatoa hela dukani.

Nikimpika kuku vizuri, usugu si unakwisha? (Mombasa)

Bakteria anakufa, naam. Usugu wa dawa si usugu wa moto: nyama ikifika nyuzi 74 hadi ndani kabisa, Salmonella haiponi. Tabu iko kabla ya sufuria. Kuku anaoshwa kwenye sinki, matone yanaruka, kisu kinafutwa kwa kitambaa, halafu nyanya na vitunguu vya kachumbari vinakatiwa ubao uleule. Na kachumbari haipikwi.

Masalia ya dawa ni habari nyingine, maana si yote yanayokwisha kwa moto. Lebo ikisema usubiri siku saba kabla ya kuchinja, subiri saba.

Mwanangu wa miaka miwili anaharisha tangu jana. Tunafuga kuku uani. Nimpe cipro iliyobaki nyumbani? (Mama, Tanga)

Usimpe, mama. Kuhara kwa Salmonella mara nyingi huisha kwenyewe, na antibiotiki zinaweza kumfanya aendelee kutoa bakteria chooni kwa muda mrefu zaidi. Mpe ORS kidogo kidogo, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na usimkatize kula. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yameingia ndani au mtoto amelegea, nenda hospitali leo hii. Mwenye sikoseli, VVU au utapiamlo asisubiri hata dalili hizo. Kwake Salmonella huingia kwenye damu upesi, na kwa wa sikoseli hufika hadi mifupani. Ukifika, mwambie daktari kwamba mnafuga na kuku mmewapa dawa gani. Beba na paketi yenyewe.