Fundi anajibu: kreni ya tani ngapi kwa godauni la Nala?

Wiki hii nina barua tatu, na ya kwanza imekula karibu ukurasa wote, wale wawili mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo fundi. Najenga godauni la kukamulia alizeti huku Nala, Dodoma, upana mita 18 urefu mita 30, nguzo za chuma za mita 8 zimeshasimama. Sasa zimebaki kenchi 7 za chuma, injinia kasema kila moja ina kama tani 1.2. Fundi wa kuchomelea anasema Hiab inatosha kabisa, dalali ananing'ang'aniza kreni ya tani 25, na shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi migodini anasema nisicheze, nichukue ya tani 50. Hela yenyewe ya mkopo. Nimsikilize nani? Na sakafu nimwage kwanza au baadae?
Mkamuaji wa Nala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Uzuri umeuliza la sakafu mwishoni kama kitu kidogo hivi, kumbe hapo ndo penye jibu lote, ntafika.

Kwanza hiyo "tani 25" ya dalali. Watu wengi wanaisoma kama magunia kwenye lori, yaani kreni ya tani 25 inanyanyua tani 25 basi, na kenchi yako ni tani moja na kitu kwahiyo hata ya tani 5 si ingetosha? Hapana. Tani 25 ni pale mzigo ukiwa umekaa karibu kabisa na kreni, kama mita 3 hivi kutoka katikati ya pale inapozungukia. Ukisogea nje inashuka haraka sana. Kwenye hizi kreni za gari za tani 25 tulizozizoea, mita 8 unabaki na kama tani 6, mita 14 unabaki na kama tani 3, mita 20 hapo unaongelea tani 2 hivi, na inategemea mkono umevutwa kiasi gani. Chukua ndoo ya maji ishikilie kifuani, alafu nyoosha mkono mbele, ndoo ni ile ile lakini bega linakwambia kitu kingine. Kwahiyo ukimpigia mwenye kreni usianze na "nataka ya tani ngapi", mwambie mzigo una kilo ngapi, uko mita ngapi kutoka itakaposimama, na unapanda mita ngapi. Akishindwa kukujibu kwa hayo matatu, mtafute mwingine.

Sasa hesabu yako. Kenchi tani 1.2. Ndoano na puli yake nayo ina uzito, weka kilo 250, belti na pingu zake (vile vyuma vya kuungia) weka 100, inakuja karibu tani 1.6. Hivyo vyote kreni inavihesabu kama mzigo, watu wanasahau. Urefu: nguzo 8, kenchi yenyewe hapo katikati ina kama mita 2, belti mita 3, ndoano inataka nafasi yake, inafika mita 14 mpaka 15, na ncha ya mkono iwe juu ya hapo.

Hiab je? Hiab ni mkono wa kupakia na kushusha, umefungwa nyuma ya kabini ya lori, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani, mi mwenyewe naupenda. (Jina lenyewe ni la kampuni ya Sweden iliyoanza 1944, sisi tumeligeuza jina la kila lori lenye mkono, kama tulivyofanya na Blue Band.) Uwezo wake unatajwa kwa tani-mita, yaani tani zidisha mita za umbali. Tuseme umepata wa tani-mita 12, gawanya kwa mita 8, unapata tani 1.5. Kenchi yako na vifaa ni 1.6. Umeona? Na hapo hatujagusa urefu, ambao wengi wake hawafiki. Fundi wako wa kuchomelea hakudanganyi, amezoea kuona ikishusha nondo na anaona inaweza kila kitu. Itumie kuleta kenchi saiti na kuzilaza mahali pake, kazi yake iishie hapo.

Ya shemeji, tani 50, itanyanyua bila jasho, ila gari lenyewe tupu lina kama tani 40, kodi kubwa, na udongo wa huko Nala mvua ikishanyesha mnaujua wenyewe. Kubwa zaidi sio salama zaidi kama ardhi haiibebi.

Kwahiyo dalali kapatia, japo nadhani kapatia kwa bahati.

Haya, sakafu. USIMWAGE. Ukimwaga zege sasa hivi utaogopa kupandisha kreni yenye uzito wake wa tani 30 juu ya zege changa, na una haki ya kuogopa, kwahiyo itabidi isimame nje ya ukuta. Ikisimama nje, kutoka kreni mpaka katikati ya godauni ni mita 5 za kukwepa ukuta jumlisha 9 za nusu ya upana, mita 14. Kwenye chati ya mzigo (jedwali la kreni la tani ngapi kwa mita ngapi) bado tani 3 ipo, mtu anasema twende. Shida inatokea hewani: mkono wa kreni unapanda kwa mshazari, na ukipita juu ya ile nguzo ya mita 8 iliyo mita 5 tu kutoka kwenye kreni, mkono unagusa nguzo kabla ndoano haijafika katikati. Nimeona hii kwa macho, opereta kasimama mlangoni mwa kabini anaangalia juu, bosi anaangalia saa, na kreni ya kukodi inakula hela kila dakika. Dawa ni kuvuta mkono mrefu zaidi uusimamishe zaidi, na mkono ukirefuka chati inashuka tena.

Ukiacha sakafu ya udongo ulioshindiliwa vizuri, kreni inaingia ndani ya godauni kwa mlango wa mbele, inaenda mpaka mwisho, inapandisha kenchi ya nyuma kabisa ikiwa umbali wa mita 7 au 8, alafu inarudi kinyumenyume mita 5, inapandisha ya pili, hivyo hivyo mpaka inatokea nje na kenchi ya mwisho inapandishiwa hapo mlangoni. Kenchi ya kwanza usiiachie ndoano mpaka imefungwa kamba pande zote mbili chini, ile haina rafiki wa kuishika bado. Kenchi 7 watu wakiwa wamejipanga ni siku moja, siku mbili ukiwa na bahati mbaya. Baada ya hapo ndo umwage zege lako kwa raha, tena chini ya bati.

Miguu ya kreni sasa, hapa nivumilie kidogo maana hapa ndo nina kovu. Kreni ya gari hainyanyui ikiwa juu ya matairi, inatoa miguu minne pembeni na uzito wote unaenda huko, na mkono ukielekea kona moja ule mguu mmoja unaweza kubeba tani 20 peke yake. Sahani ya chuma chini ya mguu ni kama sentimita 40 kwa 40. Gawanya, unapata tani 125 kwa mita moja ya mraba, hakuna udongo wa Dodoma unaobeba hiyo labda usimame juu ya mwamba wa Mlimwa. Weka chini yake kitanda cha magogo au sahani nene ya mita 1.2 kwa 1.2, hiyo hiyo tani 20 inakuwa kama tani 14 kwa mita ya mraba, ardhi iliyoshindiliwa inavumilia. Mbao nyepesi za saiti hazifai, zinapasuka kama biskuti. Na mataruma ya reli anayokuuzia kijana usiku usinunue, hiyo ni kesi.

Kovu lenyewe: miaka ya nyuma nilikuwa riga, yule anayefunga mzigo kwenye ndoano na kumwongoza opereta, kwenye saiti moja upande wa Ihumwa, tunapandisha boriti, kila kitu kimepimwa, chati imesomwa, mguu wa nyuma kulia umewekwa juu ya udongo mkavu mgumu kabisa. Hakuna aliyejua kwamba pale zamani palikuwa na choo cha shimo, kimefukiwa kwa taka na juu udongo. Nikasikia sauti kama mtu anakohoa chini ya ardhi. Mguu ukazama kama urefu wa mkono wa mtu, kreni ikainama taratiiibu, mguu wa upande wa pili ukanyanyuka hewani, vumbi linadondoka kwenye sahani yake. Opereta hakupaniki, aliteremsha boriti chini palepale ilipo, ikakaa. Hakuna aliyeumia ila mi siku ile ugali ulinishinda. Tangu siku hiyo kabla kreni haijaja naenda kwa wazee wa mtaa nauliza hapa zamani palikuwa na nini, na nachoma ardhi kwa nondo ndefu kila mahali mguu utakapokaa.

Mengine haraka haraka. Angalia cheti cha ukaguzi wa kreni cha OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) kama bado kinaishi, na opereta awe na cheti cha kuendesha kreni, leseni ya lori peke yake ni ya kuifikisha saiti tu. Chati ya mzigo iwe kabini, inayosomeka, ya kreni hiyo hiyo. Uliza kama kodi inaanza kuhesabiwa saiti au tangu inatoka Dar, ni kilomita karibu 450 na mizani njiani. Waya wa TANESCO ukipita juu ya eneo lako waambie kabla, usiseme "tutaangalia".

Na upepo, we wa Nala sina haja ya kukuelezea. Kreni nyingi za gari mwisho wake ni upepo wa mita 10 hivi kwa sekunde, soma kitabu chake, na spidi ikizidi mara mbili nguvu ya upepo inazidi mara nne. Anza saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 ikianza kupeperusha vumbi pumzikeni mnywe chai.

SWALI: Fundi habari. Tunajenga ghorofa 6 Area D, kiwanja kimebana, majirani pande tatu. Mwenzangu kaona kreni ya mnara inauzwa mtumba anasema tununue, itatulipa. Unaonaje?
Wabia wawili

JIBU: Salama wakubwa. Kreni ya mnara inalipa ukiwa na kazi ya kunyanyua kila siku kwa miezi, nondo, mbao, zege, matofali, asubuhi mpaka jioni. Ghorofa 6 ni pale pale mpakani. Wengi wa saizi yenu wanamaliza kwa pampu ya zege, winchi ndogo ya kupandishia matofali, na kreni ya gari ya kukodi siku chache. Kama mna jengo lingine linalofuata kweli, sio la kwenye stori, nunueni, kama hamna kodini.

Mkiendelea na wazo lenu, someni namba ya hiyo mashine. Za Kichina nyingi zimeandikwa mfano TC5013, maana yake mkono mita 50 na kule mwisho kabisa inabeba tani 1.3. Nusu kyubiki (nusu mita ya ujazo) ya zege ni tani 1.2, ongeza ndoo yake, umeshapita. Kwahiyo msingi wake uwekwe mahali ambapo zege nyingi inaenda karibu. Ghorofa 6 ni mita ishirini na kitu, mnara utasimama wenyewe bila kufungwa kwenye jengo, ila msingi ni zege na nondo zilizopigiwa hesabu na injinia, sio fundi wa ukuta kwa macho. Inataka umeme wa three phase au jenereta la nguvu.

Majirani: mkono wa mita 50 utapita juu ya mapaa yao, ongeeni nao mwandikishane mapema. Usiku mkiondoka opereta lazima aachie breki ya kuzungukia, mkono ugeuke wenyewe na upepo kama bendera, ukiufunga upepo unausukuma mnara mzima. Sasa ukigeuka uwe na nafasi, usigonge jengo la jirani. Kama nafasi hiyo hakuna, iko aina ambayo mkono unasimamishwa juu kama kreni ya gari, inakaa kwenye kiduara kidogo, bei yake ndo inauma. Na uwanja wa ndege wa mjini uko huku huku, kibali cha urefu ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Swali ambalo hamkuuliza: itatokaje? Kuibomoa mnahitaji kreni ya gari isimame pembeni, na jengo likishaisha na fensi ikajengwa itasimama wapi? Chorea hiyo sehemu leo.

SWALI: Fundi, tuna tenki la plastiki la lita 5,000 tunataka kulipandisha kwenye mnara wa chuma wa mita 9, shuleni kwetu Kongwa. Kamati imeomba bei ya kreni, tumezimia. Kuna kreni ndogo ya bei nafuu?
Mjumbe wa kamati

JIBU: Mbukwenyi! Acheni kreni. Tenki hilo tupu haliwezi kufika hata kilo 150, tani 5 ni za maji na maji yanapanda yenyewe kwa pampu. Tafuteni puli mbili nzuri na kamba mpya (mpya, sio ile ya kufungia ng'ombe), puli moja ifungwe juu kwenye chuma kilichochomelewa vizuri, wanaume sita wavute, wengine wawili washike kamba za chini kuliongoza lisijigonge, watoto wakae darasani. Mtakachopigana nacho ni upepo, tenki tupu ni pana na jepesi linabebwa kama tiara, kwahiyo fanyeni alfajiri kabla haujaamka, likifika juu lifungeni kwanza kabla hamjapigana makofi, alafu washeni pampu siku hiyo hiyo liingie maji hata robo likae.