Maswali ya Wasomaji: Msikiti Uliochorwa kwenye Noti ya Taka 10

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya noti ya zamani ya Bangladesh, ya taka 10, tuliyoletewa na msomaji wetu wa Pangani, tukauliza kama yuko anayeutambua msikiti uliochorwa juu yake. Barua zilikuja nyingi kuliko tulivyotazamia. Nimechagua nne na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

Swali: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ndiye mwenye noti. Mdogo wangu huagiza vitambaa kwa ajili ya duka letu la mtaa wa Biashara, na mfanyabiashara mmoja wa Dhaka alimpa noti hiyo iwe ukumbusho, akimwambia tu kwamba ni msikiti wa shamba uliojengwa na ukoo wa mabwana wa ardhi. Ni msikiti gani huo, ni ukoo gani, na kwa nini msikiti wa kijijini upewe nafasi kwenye fedha za taifa? — Msomaji, Pangani

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huo ni Msikiti wa Atiya, ulioko wilaya ya Tangail, kaskazini-magharibi mwa Dhaka, kando ya mto Lohajang. Jina la Tangail bila shaka mdogo wako analijua kwa njia nyingine, kwa sababu sari za Tangail hufumwa katika eneo hilohilo la Delduar ambamo msikiti umesimama. Mwaka wa kujengwa unaotajwa kwa kawaida ni 1609, sawa na 1018 hijria, na mjenzi wake ni Sayeed Khan Panni, mwana wa Bayazid Khan Panni. Noti zenye picha yake zilianza kutolewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Hii yako imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka karatasi imelegea kama leso, lakini makuba bado yanaonekana.

Panni ni ukoo wa asili ya Kiafghani, na hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Waafghani waliitawala Bengal, nchi ambayo sehemu yake ya mashariki leo ni Bangladesh, mpaka mwaka 1576, sultani wao wa mwisho, Daud Khan Karrani, aliposhindwa huko Rajmahal na jeshi la Akbar, mfalme wa Kimughali wa India. Ushindi huo, hata hivyo, haukumaliza vita, kwa maana machifu wa mabondeni, Waafghani na Wabengali, Waislamu na Wahindu, waliendelea kupigana katika nchi ya mito ambamo askari wa farasi hawakuwa na faida kubwa, na ni katika enzi ya Jahangir, mwana wa Akbar, tu ambapo liwali Islam Khan aliweza kuwatiisha na kuifanya Dhaka kuwa makao makuu yake, kama mwaka 1610. Tazama basi tarehe ya msikiti. Katika miaka hiyohiyo ambayo Waafghani wengine walikuwa bado wanawindwa, Mwafghani huyu alikuwa ameshikilia ardhi ya Atiya kwa ridhaa ya dola mpya, na anajenga.

Wala hakujenga kwa ajili ya jina lake peke yake. Msikiti ulijengwa kwa heshima ya walii aliyekuwa akiishi hapo, anayejulikana kama Shah Baba Kashmiri, ambaye alikuwa amepewa eneo hilo kwa shughuli za dini. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa maana ya jina, kwa kuwa Atiya kwa Kiarabu ni kilichotolewa, yaani tunu. Mpangilio ni huu: kwanza walii na ardhi ya sadaka, kisha bwana wa ardhi, kisha msikiti. Kwa maoni yangu jengo lile lilikuwa pia namna ya kukiri deni. Bwana mgeni, ambaye babu zake walitoka mbali, alijiweka chini ya kivuli cha mtu ambaye wakulima walikuwa wakimheshimu tayari.

Ama kuhusu noti, utaona sababu katika jibu linalofuata, kwa maana jengo hilo dogo lina enzi mbili ndani yake.

Swali: Mimi ni fundi mwashi. Nimeitazama picha hiyo kwa makini na kuna jambo linanisumbua. Ukingo wa juu wa ukuta haukunyooka, umepinda kama upinde. Sisi tukipiga mstari ukapinda hivyo, mwenye nyumba hatulipi. Je, ni kosa la mchoraji, au ukuta umetitia? — Fundi, Kayole

Jibu: Fundi, jicho lako ni zuri, na si kosa. Ukingo huo ulipindwa kwa makusudi, na ndiyo sahihi ya ujenzi wa Bengal. Nyumba ya mkulima wa huko ilijengwa kwa mianzi na kuezekwa kwa nyasi au majani ya mpunga, na mwanzi, kama unavyojua, ukiwekwa mzigo hupinda. Wajenzi hawakushindana nao. Waliuacha upinde, paa likapanda katikati na kushuka pembeni, na mvua ya masika, ambayo huko si ya mchezo, ikatiririka bila kusimama. Masultani wa Bengal walipoanza kujenga misikiti ya matofali, mafundi wao waliuchukua upinde huo wa kibanda na kuutia kwenye ukuta mzito, mahali ambapo mwanzi haupo tena. Nyumba hiyo ya kienyeji ndiyo iliyoitwa *bangla*, na Waingereza wakalichukua neno hilo mpaka likatufikia sisi tunaosema bangalo kwa nyumba isiyo na ghorofa. Hata watawala wa Kimughali, walioiteka Bengal, walitekwa na umbo lake: katika ngome ya Lahore kuna banda la marumaru la Shah Jahan, la mwaka 1633, ambalo paa lake limepinda vilevile.

Jambo la pili utakalotaka kujua ni la vifaa. Wewe unajenga kwa mawe ya Ndarugu, na wazee wetu wa Pwani walijenga kwa matumbawe na chokaa. Sehemu kubwa ya Bengal ni tope lililoletwa na mito, na mtu anaweza kusafiri siku nzima asione jiwe. Tope hilohilo likawa mali. Walilifinyanga na kulichoma, wakapata matofali, na kwa udongo uleule laini wakatengeneza vibamba vyenye nakshi za maua, matawi na maumbo ya kijiometri, vikachomwa tanuruni na kupangwa ukutani kimoja kimoja. Ukuta wa mbele wa Atiya umejaa vibamba hivyo, vimegawanywa katika fremu za mraba na mstatili, kiasi kwamba ukisogea karibu huoni ukuta, unaona kama mkeka uliosukwa. Si chapa wala rangi. Kila ua lilitengenezwa kabla ya kufika ukutani, na fundi alipaswa kujua mapema litakaa wapi.

Vipimo vyake kwa nje ni takribani mita 18 kwa 12, na ukuta una unene wa zaidi ya mita 2. Unene huo utakushangaza mpaka ukumbuke kwamba hakuna nondo wala saruji, na kwamba kuba zito la matofali husukuma kuta kwenda nje usiku na mchana. Ukumbi wa sala ni wa mraba, umefunikwa na kuba moja kubwa. Mbele yake, upande wa mashariki, kuna ukumbi mwembamba mfano wa baraza, wenye makuba matatu madogo. Pembe nne zimeshikwa na minara minene ya pembe nane. Ukingo uliopinda na nakshi za udongo ni urithi wa masultani. Baadhi ya mapambo ya minara na makuba, pamoja na mpangilio wa fremu ukutani, tayari yanaelekea kwa Wamughali. Ndiyo maana nikasema una enzi mbili, na nadhani jengo la aina hiyo linafaa noti kuliko kasri la mfalme yeyote.

Swali: Mhariri, ninyi waandishi mnasifu nakshi na kusahau jasho. Hao mabwana wa ardhi, ambao nimesoma wakiitwa *zamindar*, si ndio waliowakamua wakulima kodi? Bibi yangu aliishi Malindi kwenye ardhi ya wenyewe na maisha yake yote alikuwa anaogopa kuambiwa aondoke. Msikiti uliojengwa kwa kodi ya maskini una sifa gani? — Mwalimu, Eastleigh

Jibu: Mwalimu, swali lako ni zito, na sitalikwepa. Neno hilo ni la Kiajemi, maana yake mwenye kushika ardhi, na tofauti kati ya kushika na kumiliki ndiyo historia yote. Wakati wa Wamughali, zamindari alikuwa mkusanyaji wa kodi mwenye haki za kurithi. Mkulima naye alikuwa na haki zake za kukaa na kulima. Mwaka 1793 gavana mkuu Cornwallis, kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyokuwa ikiitawala Bengal, alitoa amri iliyomfanya zamindari kuwa mmiliki kamili, kwa sharti kwamba alipe serikalini kiwango kisichobadilika, ambacho kilikuwa sehemu 10 kati ya 11 za kodi iliyokadiriwa. Asipolipa kabla ya jua kutua siku ya mwisho, ardhi ilipigwa mnada. Koo nyingi za kale zilifilisika hivyo, na mashamba yao yakanunuliwa na matajiri wa Calcutta ambao hawakuwahi kuyaona. Aliyebaki chini kabisa, bila hati na bila mtetezi, ni mkulima. Hapo bibi yako na mkulima wa Tangail wangeelewana bila mkalimani.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba fedha zilikuwa safi. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba mali hiyo haikwenda njia moja. Msikiti ulitengenezwa upya mwaka 1837 na mwanamke, Rawshan Khatun Chaudhurani, na tena mwaka 1909 kwa juhudi za mabwana wa Delduar na Karatia. Karatia ndiko ukoo wa Panni ulikohamishia makao yake, na kutoka huko alitokea Wajed Ali Khan Panni, ambaye watu walimwita Chand Mian. Huyu alifungwa jela na Waingereza mwaka 1921 katika harakati za kuwagomea, jambo ambalo si kawaida kwa mtu ambaye cheo chake kinategemea serikali hiyohiyo. Mwaka 1926 alianzisha chuo cha Saadat huko Karatia, kilichoitwa kwa jina la babu yake, na sehemu kubwa ya mali yake akaitia wakfu. Alifariki mwaka 1936.

Kuhusu wakfu, ruhusa kidogo nitoke Tangail, kwa sababu jambo hili lilitugusa hata sisi. Mwaka 1894 Baraza la Ushauri la Malkia mjini London, likisikiliza rufaa kutoka Bengal, liliamua kwamba wakfu ambao kwanza unawanufaisha watoto na wajukuu, na maskini wanakuja kupata mwishoni kabisa, ni batili. Waislamu wa India walilalamika mpaka sheria ya mwaka 1913, iliyopelekwa barazani na Jinnah, yule aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan, ikaurudishia uhalali. Lakini sheria hiyo haikuvuka bahari, na ule uamuzi wa Bengal uliendelea kutumiwa na mahakama za Afrika Mashariki dhidi ya wakfu za familia za Zanzibar na Kenya kwa miongo kadhaa. Shauri la mabwana wa ardhi wa Bengal likawa, bila wao kujua, shauri la nyumba za Pwani.

Umwinyi wenyewe ulifutwa na sheria ya mwaka 1950 katika Bengal ya Mashariki, ambayo ilichukua haki zote za kupokea kodi zilizosimama kati ya serikali na mkulima. Kama ilimtosheleza mkulima huyo ni mjadala mwingine, na karibu uandike tena.

Swali: Mume wangu atakuwa Dhaka mwezi ujao kikazi. Je, msikiti huo bado unasaliwa, na inafaa aende saa ngapi? — Mama wa watoto watatu, South B

Jibu: Unasaliwa, mama, na pia unalindwa kisheria kama jengo la kale. Mwambie aende asubuhi na mapema. Sisi wa Nairobi tunaswali tukielekea kaskazini, lakini Bengal kibla ni magharibi, kwa hiyo mlango na ukuta wenye nakshi unatazama mashariki. Jua la asubuhi huuangazia ukuta huo wote, maua yakaonekana vizuri. Baada ya adhuhuri upande wote ule huingia kivulini.