Yule dada aliyepitia Kakuma

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mwanamichezo gani wa mbali ungependa kukaa naye mezani, na ungemuuliza nini? Najua barua nyingi zitawataja wacheza kandanda wa Ulaya. Mimi namtaka Akec Makur Chuot, mwanadada wa mpira wa Kiaustralia (Australian football), na sishangai kama hamjawahi kumsikia.

Alizaliwa mwaka 1992 Rumbek, Sudan Kusini ya leo, na vita vikamnyang'anya baba. Mama akakimbia na watoto hadi Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya iliyofunguliwa mwaka uohuo aliozaliwa Akec. (Hapa nina dukuduku. Magazeti ya Kizungu hupenda kuandika kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili, eti maana yake ni mahali pasipo popote. Kiswahili cha wapi hicho? Nimefundisha miaka minne karibu na mto Tarach, hapo hapo Kakuma, na sijamsikia hata mtu mmoja akilitumia hivyo.) Mwaka 2005 familia ikapelekwa Perth, magharibi mwa Australia.

Mchezo uliompa jina huko, huo mpira wa Kiaustralia, si kandanda yetu, wala si raga. Uwanja ni duara lililovutwa, mpira una umbo la yai, na kila timu ya wanawake huwa na wachezaji 16 uwanjani. Kuushika ruhusa, kuupiga teke ruhusa, hata kumpasia mwenzako kwa kuupiga ngumi. Ukiurusha tu kama mcheza raga, filimbi inalia. Mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu za lango, pointi 6. Ukipita kando, kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, timu inaambulia 1.

Ligi ya taifa ya wanawake ilianza Februari 2017 ikiwa na klabu 8, Fremantle ikiwa mojawapo, na humo ndimo Akec alimochezea msimu ule wa kwanza. Akawa mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika ligi hiyo. Msifikirie hela za Ligi Kuu ya Uingereza: wengi wao walilipwa dola 8,500 za Australia kwa msimu mzima, kwa hiyo mazoezi yalikuwa ya jioni, baada ya kazi.

Kisha Fremantle ikamwacha. Msimu mmoja tu!

Hapa ndipo ninapompendea. Angeweza kutundika njumu na kuishi na lile jina la "wa kwanza", akialikwa kwenye hafla na kupigwa picha. Badala yake alifunga mizigo akahamia Melbourne, kama kilomita 2,700 kutoka Perth, akaanzia chini tena, ligi ya jimbo. Richmond, klabu iliyoingia ligi ya taifa mwaka 2020, ikampa jezi. Hawthorn nayo ilipoingia mwaka 2022, akahamia huko. Kuwa wa kwanza kuna bahati ndani yake, maana lazima uwepo siku mlango unapofunguliwa. Kurudi baada ya kufungiwa mlango ni kazi ya miguu yako mwenyewe, na kwangu hiyo ina uzito zaidi.

Wanaume pia wapo. Aliir Aliir, beki wa klabu ya Port Adelaide katika mchezo uohuo, alizaliwa Kakuma kwenyewe. Sisi tunaojua majina ya wakimbiaji wetu hadi wa akiba, hawa wawili tuliwapitishaje bila kuwaona?

Sasa swali langu. Watoto wa kule Kakuma, Mdinka, Mturkana na Msomali wakiwa timu moja, wakikimbiza mpira wa makaratasi kwenye lile vumbi la saa kumi, huitana kwa Kiswahili: "Leta! Leta huku!" Ningemmiminia chai, nimsukumie chapati, halafu nimuulize kama siku moja, uwanja umejaa na mwenzake ameushika mpira, hilo neno halijawahi kumponyoka.